Bati la Sufuria ya Bibi Zainabu

Bukavu, Ijumaa tarehe 5 Mei 2023

Kwa Bibi yangu Zainabu, mke mwenzangu,

Pokea salamu za huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu kimekwisha kwa tangawizi uliyonitumia. Goti lako linasemaje? Na dada Samira, bado anajifanya hataki kuolewa? Msalimie shangazi, msalimie fundi Raphaël akishuka kutoka Lubondja, wasalimie watu wote wa uani. Msalimie na Aline, maana najua ni yeye anayesoma barua hii kwa ile sauti yake ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Katika barua yako ya Ramadhani uliniuliza ni kitu gani hasa nasoma huku, kwa sababu watu wanakuuliza sokoni na wewe unawajibu "mambo ya mawe" halafu unakimbia. Leo nitakueleza. Profesa wetu anasema maelezo mazuri yaanze kwa kushtua, ili msikilizaji asisinzie. Basi nitajaribu.

Kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu bati. Si mabati ya kuezekea nyumba. Nasema yale madini meupe, laini, ambayo fundi Raphaël anayeyusha na kupaka ndani ya sufuria yako kubwa ya shaba kila mwaka kabla ya Maulidi. Siku ya kugawa mada wenzangu waligombania dhahabu na urani. Mimi nilinyoosha mkono nikaomba bati, kwa ajili ya sufuria yako, na darasa zima likanicheka.

Sikiliza sasa. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno zinazoitwa atomi, na katikati ya atomi kuna kiini. Kiini cha bati kina protoni hamsini. Zikiwa arobaini na tisa, hilo si bati tena. Zikiwa hamsini na moja, hilo pia si bati. Lakini pamoja na protoni kuna nyutroni, na hizo zinaweza kuzidi au kupungua. Kwa hiyo kuna bati jepesi na bati zito, kama watoto wa nyumba moja: jina la ukoo ni lile lile, kilo ndizo zinazotofautiana. Watoto hao tunawaita isotopi.

Shika kiti chako, Bibi. Bati lina isotopi karibu arobaini, na kama thelathini kati ya hizo zina mionzi! Zinavunjika zenyewe, na zikivunjika zinarusha mionzi isiyoonekana kwa macho, na mingine inapenya mpaka ndani ya mwili wa mtu. Iko moja, ya uzito wa mia moja ishirini na sita, ambayo hairushi leo na kesho tu. Inaendelea zaidi ya miaka laki mbili. Sasa fikiria unapokoroga pilao: ni nini kimekaa chini ya mwiko wako?

(Geuza ukurasa.)

Umeshtuka? Tulia, nakutania. Hizo thelathini hazimo katika sufuria yako. Nyingi zinaishi dakika au sekunde tu, na zinatengenezwa ndani ya mashine kubwa za mbali huko. Hata ile ya miaka laki mbili inatoka kwenye mashine hizo, haichimbwi. Bati linalotoka ardhini ni mchanganyiko wa isotopi kumi, na zote kumi zimetulia, hazivunjiki. Hakuna elementi nyingine duniani yenye isotopi nyingi zilizotulia kama bati. Jirani yake wa kulia kwenye jedwali la elementi, antimoni, anazo mbili. Wa kushoto, indiamu, anayo moja tu. Siri iko katika ile hamsini, ambayo ni mojawapo ya namba zinazoitwa na wanafizikia namba za kichawi.

Kwa hiyo koroga pilao yako kwa raha. Nitatetea kazi yangu mbele ya maprofesa tarehe tano Julai, halafu nitashuka mbio kwa ajili ya harusi ya Samira.

Mimi mjukuu wako,
Nuru


Baraka, Jumamosi tarehe 20 Mei 2023

Kwa Nuru, mke mwenza aliyeamua kunizika nikiwa hai,

Nimefurahi kwamba kikohozi kimekwisha. Goti langu la kushoto linauma kama kawaida. La kulia lilikuwa zima mpaka barua yako ilipofika. Samira hajambo, shangazi yako amemfungia ndani na simu amemnyang'anya, anasuguliwa manjano asubuhi na jioni kama desturi inavyotaka.

Sasa tuongee mimi na wewe.

Desturi ya uani kwangu unaijua, umekulia humo. Barua ya mtoto aliye masomoni si ya mtu mmoja. Inafunguliwa Ijumaa baada ya chakula, kila mtu na kahawa yake, na adhana ya alasiri ikilia msomaji ananyamaza, barua inakunjwa, inakaa juu ya kabati mpaka Ijumaa nyingine. Hata ikibaki mistari miwili. Marehemu babu yako ndiye aliyeweka sheria hiyo na mimi sitaivunja.

Basi Ijumaa ya tarehe kumi na mbili uani palijaa. Shukuru, mama yake Safari, yaani mama mkwe wa dada yako, alikuja na mkeka wake mwenyewe na akaleta dada zake wawili wasikie jinsi ukoo wao unavyooa kwa watu waliosoma. Mimi nikajivuna, sifichi. Aline akasoma salamu, na wewe ulikuwa umesalimu kila mtu, na kila aliyesalimiwa akajibu, na Raphaël akajibu mara mbili. Saa ikaenda. Aline akafika kwenye bati, kwenye mionzi, kwenye miaka laki mbili. Akasoma "ni nini kimekaa chini ya mwiko wako?" na hapo hapo muezini akakohoa kwenye kipaza sauti.

Barua ikakunjwa. Watu wakaondoka bila hata kuaga. Shukuru alisahau mkeka wake.

Wiki nzima, Nuru. Wiki nzima nusu ya barua yako ilitembea Baraka bila nusu nyingine. Jumatatu mama mmoja aliyekuwa ameazima sufuria kwa ajili ya arobaini ya mume wake akaja kusema ameghairi. Jumanne nikasikia sokoni kwamba anayekula chakula changu meno yatamtoka. Kufika Jumatano walishasema mifupa yetu itawaka gizani mpaka kwa vitukuu. Halafu akaja Shukuru, hakukaa, akasimama mlangoni.

"Mama Zainabu, ile sufuria yako tena hapana. Mi siwezi kulisha bantu ba harusi sumu."

"Nani alikuambia ni sumu?"

"Mutoto wako mwenyewe! Iko ku barua. Bote tulisikia."

"Barua haiyaisha, Shukuru. Ngoja Ijumaa."

"Mi najua mambo ya barua. Mwanzo banasema kweli, mwisho banatengeneza."

Hiyo haikutosha. Akatoa ushauri: tukwangue bati lote, tupike ndani ya shaba tupu. Nikamwita Raphaël aje amwambie yeye mwenyewe. Raphaël alimtazama kwa huruma.

"Mama, mi naweza kukwangua, kazi ya saa mbili tu. Lakini bati ikitoka, nyanya na ndimu zitakula shaba, iingie mu chakula, bantu batatapika mbele hata bwana harusi hajafika. Siku ile musiniite."

Shukuru akaondoka anasema Raphaël ananitetea kwa kuwa anakula kwangu. Jana, Ijumaa, tulisoma ukurasa wa pili. Tulikuwa watu watatu: mimi, Aline, na mzee mmoja asiyesikia. Na afadhali hawakuja wengine, maana Aline alipofika kwenye "namba za kichawi" nilimpiga kiwiko aruke maneno hayo. Kichawi! Nuru, na hicho kichwa chote cha chuo, ulisahau unawaandikia watu wa wapi?

Mambo yamefika hapa. Harusi ni tarehe nane Julai. Shukuru amesema akiiona sufuria ile jikoni, watu wake hawatakula, na watu wake wasipokula basi harusi hakuna. Anataka kukodi masufuria ya alumini, na mpishi mwingine wa kupika humo. Mimi nimepika harusi zote za kartie hii, mtaa wetu mzima, ya mama yako ikiwemo, katika sufuria iliyovuka ziwa na mama yangu kutoka Ujiji. Harusi ya mjukuu wangu mwenyewe nikae kwenye kiti nimekunja mikono kama mgeni? Imeniuma, mwanangu. Nakwambia waziwazi, imeniuma mpaka nimelia.

Bibi yako,
Zainabu


Bukavu, tarehe 27 Mei 2023

Bibi yangu mpendwa,

Leo siulizi habari za goti, naona aibu. Mimi ni mzima mwilini tu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za chuo, na nilipofika pale ulipoandika kwamba umelia, nikakaa chini. Kosa ni langu. Si la Aline, si la muezini, si la Shukuru. Nilijua barua itasomwa mbele ya watu, na nilijua kuhusu adhana, maana nimeisikia ikikata barua tangu utotoni. Lakini nilitaka kujionyesha. Nilitaka uani kote waseme "ee!" kabla sijawatuliza. Wakasema kweli.

Naomba nikueleze tena, safari hii bila mbwembwe, ili wewe walau ujue unasimamia nini.

Kiini cha atomi ni mahali pa msongamano. Protoni zote zinasukumana, kila moja inataka kumtoa mwenzake. Kinachozishika pamoja ni nguvu nyingine, kali sana, ya karibu karibu, na nyutroni zinasaidia kushika bila kusukuma. Nyutroni zikipungua au zikizidi kuliko inavyofaa, kiini hakitulii. Kinatupa kitu nje mpaka kitulie. Kitu hicho kinachotupwa ndiyo mionzi. Hakuna sumu iliyopakwa wala ugonjwa unaoambukiza hapo. Ni kiini kinachotafuta utulivu, na kikishaupata kimemaliza.

Sasa ile hamsini. Fikiria mabenchi kwenye uwanja wa harusi. Benchi likijaa sawasawa, hakuna pengo wala mtu aliyesimama, watu wanakaa kwa amani na huwezi kumng'oa mmoja kirahisi. Protoni nazo zinajipanga kwa mafungu, na zikifika hamsini fungu linajaa sawasawa. Ndiyo sababu bati linaweza kuongeza nyutroni, tena na tena, na bado likatulia. Namba nyingine za namna hiyo ni mbili, nane, ishirini, ishirini na nane, themanini na mbili. Hilo neno nililotumia ni la kusifu tu, wenyewe wanafizikia walilitoa kwa mshangao, na silirudii.

Raphaël anasema kweli kuhusu shaba. Tafadhali asikubali kukwangua. Shaba tupu na chakula chenye ndimu ndipo hatari ilipo, na nitasikitika mno ikiwa watu watakimbia kitu salama wakaingia kwenye kinachodhuru kwa sababu ya uhodari wangu wa kuandika.

Nimefikiri hivi: nije. Nitaomba maprofesa wasogeze siku yangu mpaka Oktoba, nishuke wiki hii, nisimame uani niwaeleze watu mwenyewe. Nimejaribu kukupigia simu mara nne. Nijibu haraka.

Mjukuu wako mwenye makosa,
Nuru


Baraka, tarehe 2 Juni 2023

Nuru,

Salamu. Wote wazima. Simu yangu ilianguka ndani ya supu ya kongoro, hivyo usihangaike kupiga.

Usije. Ukifika kabla ya kumaliza masomo yako nitakufukuza kwa mwiko, na unajua mkono wangu. Miaka mitano nimewaambia watu kwamba unasoma. Sitaanza sasa kuwaambia uliacha kwa sababu ya sufuria. Tena ukija utasema nini? Watasema mtoto anamtetea bibi yake.

Barua yako ya pili sijaisomesha uani na sitaisomesha. Nimeisoma mwenyewe kwa miwani, pole pole, siku tatu.

Nataka kitu kimoja tu. Niandikie zile isotopi kumi, kila moja na uzito wake, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi moja. Na unionyeshe ipi iko nyingi na ipi iko kidogo. Mpe Willy dereva, anapanda Bukavu keshokutwa na atarudi tarehe tisa.

Machozi nimeshafuta. Usome.

Bibi


Bukavu, tarehe 7 Juni 2023

Kwa Bibi Zainabu, amiri jeshi wangu,

Habari za supu? Natumaini simu iliiva vizuri. Mimi sijambo.

Karatasi hiyo hapo, nimeiandika kwa kalamu ya ubaoni ili usitafute miwani:

112, 114, 115, 116, 117, 118, 119, 120, 122, 124.

Iliyo nyingi ni 120. Ukichukua vijiko mia vya bati, kama thelathini na tatu ni hiyo. Inayofuata ni 118, kama ishirini na nne. Ya chache kabisa ni 115, haifiki hata nusu kijiko katika hivyo mia. Usiniulize kwa nini 113, 121 na 123 hazimo. Zipo, lakini hazitulii, na hazimo ndani ya sufuria.

Unataka kufanya nini nazo? Niambie, tafadhali. Nakujua.

Mjukuu wako,
Nuru


Bukavu, tarehe 24 Juni 2023

Bibi yangu,

Nakusalimu na kukuuliza hali, na safari hii nauliza kweli kweli, kwa sababu sijapata neno kutoka kwako tangu mwanzo wa mwezi. Willy alishuka na kupanda tena bila barua. Nilipomuuliza aliangalia pembeni akasema, "Bibi yako iko muzima, iko anakula muzuri." Ni jibu gani hilo? Nikampigia Aline. Aline akacheka, kisha akasema, "Bibi alinikataza niseme," akakata.

Samira simu hana. Shangazi hapokei. Mimi huku nasoma ukurasa mmoja mara tano na siushiki.

Bibi, nimefikiri sana na nataka kukuomba jambo ambalo najua halitakupendeza. Iache sufuria. Waache wakodi hizo za alumini. Ni siku moja tu. Samira anampenda Safari, na sitaki dada yangu akose ndoa yake kwa sababu mimi niliandika nusu ya jambo juu ya ukurasa mmoja na nusu nyingine nyuma yake. Mimi na wewe tunajua sufuria ni salama, hiyo inatosha. Baada ya harusi tutaiosha, tutapika humo mimi na wewe na Aline, na tutakula mpaka tushindwe kusimama.

Najua unapenda kupika kuliko kupumua. Najua nakuomba nini. Kama kuna wa kukaa kwenye kiti mikono imekunjwa, basi nitakaa kando yako, nikunje na mimi.

Idi njema, kama barua hii itafika kabla yake.

Mjukuu wako anayekupenda,
Nuru


Baraka, Ijumaa tarehe 30 Juni 2023

Kwa Nuru, mtoto wa mtoto wangu,

Idi ilikuwa njema, Mungu ashukuriwe. Goti la kulia limepona. La kushoto ni la uzee, tuliache. Samira amekuwa wa manjano mpaka kucha. Barua yako ilifika siku ya pili ya Idi, nikaisoma nikacheka peke yangu, watu wakadhani nimeanza wazimu.

Ati niiache sufuria. Umechelewa.

Nilipopata ile karatasi yako nilimwita Raphaël tukaitoa sufuria nje, tukaiweka upande wa barabara, pale watu wote wanapopita kwenda sokoni. Mafiga matatu, kuni, na kiti changu. Karatasi nikaibandika kwenye mti wa uzio. Jumanne tarehe kumi na tatu, saa sita mchana, nikawasha moto nikapika wali wa mtu mmoja. Ungeona kitu hicho! Kikombe kimoja cha mchele ndani ya sufuria ya watu mia mbili, nainama mpaka kiunoni kukitafuta. Nikapakua, nikakaa barabarani, nikasema kwa sauti: "Mia moja na kumi na mbili!" Nikala, nikalamba vidole, nikaosha sufuria, nikaingia ndani.

Siku ya pili, mia moja na kumi na nne. Watoto walikuwa wameshafika kabla yangu, wamejipanga, wanangoja meno yatoke. Niliwafungulia mdomo wakayahesabu. Siku ya tatu ilikuwa ile ya mia moja na kumi na tano, ya chache, uliyosema haifiki nusu kijiko. Nikapika yai moja. Mwanamke mmoja akapita na beseni lake la ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"We bibi, leo yai moja tu?"

"Iyi ya leo iko kidogo sana ku bati. Sitaki kudanganya bantu."

Akaweka beseni chini akakaa. Tangu siku hiyo hawakuwa wanapita, walikuwa wanakuja. Ya kumi na sita Raphaël alileta muhogo wa Lubondja akala na mimi, ikawa sahani mbili. Ya kumi na saba Aline. Ya kumi na nane nilipika nyingi, kwa kuwa uliniandikia ni ya pili kwa wingi, na nikaweka nyama; walikula watu tisa. Watoto walishaimba namba zote kumi, na mtoto akikosea akasema mia moja na kumi na tatu wenzake wanamzomea. Ya kumi na tisa mvua ilinyesha, nikala na mwavuli.

Halafu ishirini, Nuru. Ile kubwa. Hiyo siku niliamka alfajiri nikaenda mwenyewe ufukweni kuchagua samaki, mikebuka wanono, nikapika pilao ya harusi kamili, iliki, mdalasini, kila kitu, nikaacha kifuniko wazi kwa makusudi, upepo unaelekea kwa kina Shukuru. Waliokula sikuwahesabu. Mmoja alikuwa mume wa Shukuru, amejificha nyuma ya lori la Willy na sahani yake.

Shukuru hakuja. Wala siku ya tisa, mia moja na ishirini na mbili. Nilianza kuchoka, sikufichi.

Siku ya kumi, Alhamisi, nilikuwa nimeinama kwenye sufuria nikaona miguu. Alikuja peke yake, bila dada zake. Akasoma karatasi yako yote, kwa kidole, namba moja moja.

"Iyi ndiyo ya mwisho?"

"Ya mwisho. Ishirini na ine. Kisha hakuna tena."

"Na ile ya ishirini na sita? Ya myaka laki mbili?"

"Ile haiko mu udongo wetu. Banatengenezaka ku mashine, mbali. Ukitaka utaitafuta huko, hapa kwangu haiko."

Akavuta kigoda cha Aline, akakaa, akanyoosha mkono nikampa sahani. Alikula tonge la kwanza watu wakimwangalia koo. Akatafuna, akameza, akatazama juu.

"Mama Zainabu, chumvi imepunguka."

Hapo nikajua tumemaliza. Hakuna mwanamke anayelalamikia chumvi ya kitu anachodhani kitamuua. Nikamletea chumvi, tukala mpaka chini, na kabla ya kuondoka akaniuliza mchele wa tarehe nane tuuchambue lini, na kama anaweza kuja na dada zake kusaidia. Nikamwambia waje, na akumbuke kuchukua mkeka wake. Sufuria itapika harusi ya Samira, na mimi ndiye nitakayeshika mwiko. Maliza mambo yako na hao maprofesa tarehe tano, panda gari la Willy, na ukifika usiniandikie tena, zungumza kwa mdomo.

Nilikataza wasikuambie kwa kuwa ungesimama katikati ya masomo ukaja kunizuia. Na kuna jambo jingine, sijamwambia mtu yeyote hapa, nakuambia wewe.

Yale ya mabenchi sikuyaelewa. Nilisoma siku tatu, na ile nguvu ya karibu karibu, na hao wanaosukumana, na hamsini kujaa sawasawa. Sikuelewa hata robo. Wewe ulidhani tunajua wote wawili kwamba sufuria ni salama. Mimi sikujua. Ile Jumanne ya kwanza nilipopakua wali niliiweka sahani mapajani nikakawia kuila. Niliwaza ile mionzi. Niliwaza Samira, nikawaza babu yako. Nikaweka tonge mdomoni, likakaa hapo, halishuki, na watu wananitazama. Kisha nikasema moyoni: aliyeandika ni Nuru.

Nikameza.

Bibi yako,
Zainabu